Safu wima na mfuatano wake katika jedwali linalorithi

safu wima nm [i-/zi-] fungu la thamani zilizopangwa kutoka juu kwenda chini katika jedwali, zote zikijibu swali moja: safu wima ya uzito, safu wima ya tarehe. Umbo la wingi halibadiliki. Maofisini hutumika pia kolamu. Katika kanzidata, uga.

Neno safu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mstari wa watu au vitu vilivyopangwa pamoja. Waumini husimama safu. Milima hufanya safu. Timu ya mpira huwa na safu ya ulinzi na safu ya ushambuliaji. Mwandishi wa gazeti huwa na safu yake ya kila wiki. Hakuna hata moja kati ya maana hizo inayoamua mwelekeo. Safu ya waumini hulala kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali safu ya gazeti husimama kutoka juu kwenda chini. Kwa karne nyingi utata huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa muktadha ulitosha. Jedwali ndilo lililoufanya uwe na gharama, kwa sababu jedwali lina mielekeo yote miwili kwa wakati mmoja.

Karani aliyeko Kahama akiagizwa kwa simu "futa safu ya tatu" anaweza kutenda mambo mawili yasiyofanana kabisa. Akiielewa safu kuwa ni mlalo, atafuta taarifa zote za mchimbaji mmoja. Akiielewa kuwa ni wima, atafuta uzito wa dhahabu ya wachimbaji wote. Kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu safu isiachwe peke yake: iwe safu wima au safu mlalo. Kwa safu mlalo, maneno mstari na rekodi yanafaa pia na hayana utata. Wima na mlalo hapa hazichukui upatanisho: safu wima hii, safu wima hizi, safu wima zote. Wapo wanaoandika safuwima kama neno moja, na si kosa. Lililo kosa ni kuchanganya maumbo yote mawili katika waraka mmoja.

Tofauti nyingine inayopuuzwa ni ile ya mpangilio na mfuatano. Mpangilio ni neno pana: hujumuisha namna vitu vilivyowekwa, nafasi kati yake, hata mwonekano wake. Mfuatano hutaja jambo moja tu, yaani kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Swali linalojadiliwa hapa ni la mfuatano wa safu wima. Kupanga, kama katika "panga kwa tarehe", kwa kawaida huhusu safu mlalo.

Linalorithi, linalorithiwa, lililorithiwa

Kitenzi -rithi kimeingia katika istilahi za kanzidata kwa milango miwili, na ndiyo maana maelezo mengi ya Kiswahili kuhusu suala hili huwachanganya wasomaji. Mlango wa kwanza ni wa kawaida: mtumishi anahamishwa, mwingine anakuja, na jedwali alilolikuta ni jedwali lililorithiwa. Hakulitunga, hajui kwa nini safu ya saba iko ya saba, na aliyejua amekwenda. Mlango wa pili ni wa kiufundi. Baadhi ya mifumo ya kanzidata, hasa PostgreSQL, huruhusu jedwali moja kuchukua safu wima za jedwali jingine na kuongeza zake. Lile linalotoa safu ni jedwali linalorithiwa, au mzazi. Lile linalochukua ni jedwali linalorithi, au mtoto.

Kiswahili kina zana ya kutenganisha mambo haya ndani ya neno lenyewe. Kiambishi -w- cha kutendwa humtenga mzazi na mtoto. Njeo -na- na -li- huutenga uhusiano unaoendelea ndani ya mfumo na tukio lililokwisha la mtu kumwachia mwenzake kazi. Jedwali rithi, istilahi inayopendwa kwa ufupi wake, hutupa zana hizo zote mbili. Inafaa katika kichwa cha habari. Katika maelekezo ya kazi ni afadhali kutumia umbo refu.

Katika ofisi nyingi majedwali huwa ni ya aina zote mbili: yamerithiwa kutoka kwa watangulizi, na ndani yake yanarithiana. Hapo ndipo mfuatano wa safu huanza kuleta madhara.

Mkoa unaoingia baada ya kijiji

Mnamo Machi 2012 Tanzania ilipata mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mkoa wa Geita uliundwa kwa vipande vya mikoa mitatu. Geita na Nyang'hwale zilitoka Mwanza, Chato ikatoka Kagera, Bukombe na Mbogwe zikatoka Shinyanga. Upande wa mashariki, Bariadi, Maswa na Meatu ziliondoka Shinyanga zikaingia Simiyu. Kahama, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilibaki Shinyanga. Miezi michache baadaye Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu 1,739,530 katika Mkoa wa Geita na 1,534,808 katika Shinyanga iliyopunguzwa, wakati Sensa ya 2002 ilikuwa imehesabu zaidi ya milioni 2.7 katika Shinyanga ya zamani. Anayeziweka hesabu hizo mbili sambamba bila kujua historia atadhani Shinyanga ilikimbiwa na watu wake.

Fikiria jedwali la leseni ndogo za uchimbaji lililotungwa Shinyanga kabla ya mwaka huo. Halikuwa na safu ya mkoa, na halikuihitaji: kila leseni iliyoandikwa humo ilikuwa ya Shinyanga. Safu zake zilifuatana hivi: namba ya leseni, mmiliki, wilaya, kata, kijiji, tarehe. Baada ya Machi 2012 mkoa ukawa jambo la kuulizwa, kwa kuwa leseni za Bukombe na Mbogwe zilikuwa zimehama na za Kahama hazikuhama. Ilibidi safu iongezwe.

Mtanzania yeyote aliyewahi kujaza fomu anajua mahali pa mkoa. Mkoa hutangulia wilaya, wilaya hutangulia kata, kata hutangulia kijiji, na kijiji hutangulia kitongoji. Mfuatano huo umekaa vidoleni kama kuhesabu. Lakini PostgreSQL haimuulizi anayeongeza safu angependa iingie wapi:

ALTER TABLE leseni ADD COLUMN mkoa text;

Safu mpya hukaa mwisho, baada ya tarehe, na hakuna amri ya kuisogeza. MySQL hukubali kuelekezwa kwamba safu iwe ya kwanza au ifuate safu fulani. PostgreSQL haina nafasi hiyo. Tangu siku hiyo jedwali lina mfuatano mmoja, na fomu iliyo mezani ina mwingine.

Kwa wilaya nyingi nchini hitilafu inayotokana na tofauti hiyo hujifichua. Safu zikisogea nafasi moja, neno Chato likaonekana chini ya mkoa, mtu yeyote anayezijua sehemu hizi atashtuka, maana hakuna Mkoa wa Chato. Si hivyo kwa Geita na Shinyanga. Geita ni mkoa, ni wilaya, na ni mji. Shinyanga ni mkoa, ni wilaya, na ni manispaa. Jina moja likihama kutoka safu ya wilaya kwenda safu ya mkoa linabaki kuwa jibu sahihi la swali lisilo lake. Jicho halioni kitu, na kompyuta, iliyoambiwa tu kwamba safu zote mbili ni za maandishi, haina sababu ya kukataa. Wakati huohuo kosa hilo lina mwenyewe: ushuru wa huduma hulipwa kwa halmashauri, na kila halmashauri ina mfuko wake.

Ikumbukwe pia kwamba makosa ya mfuatano hayalingani kwa ukimya. Mji wa Geita uko karibu na nyuzi 2.9 kusini mwa Ikweta na nyuzi 32.2 mashariki. Programu nyingine za ramani hutanguliza longitudo, ilhali mazoea ya watu wengi ni kuanza na latitudo. Safu hizo mbili zikibadilishana nafasi, eneo la mchimbaji linatua Moroko, si mbali na mpaka wa Aljeria. Kosa la namna hiyo hujitangaza lenyewe na kusahihishwa kabla ya chakula cha mchana. Linalotisha ni lile linalotua umbali wa kilomita kumi.

Watoto wawili wa mzazi mmoja

Mfano wa pili unahusu fedha, na ndio unaogusa urithi wa kiufundi moja kwa moja. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaanzishwa. Mwaka 2019 masoko ya madini yalianza kufunguliwa, Geita ikiwa ya mwanzo, na katika mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo. Makato ya mchimbaji mdogo sokoni yakawa mrabaha 6, ada ya ukaguzi 1, na ushuru wa huduma 0.3, jumla asilimia 7.3. Kila badiliko la sheria ni safu inayozaliwa au inayokufa mahali fulani.

Tuchukue jedwali la kubuni liitwalo mauzo, lenye safu tano: namba_leseni, tarehe, uzito, thamani, mrabaha. Kabla ya 2017 liliundwa jedwali linalorithi, mauzo_geita, likiongeza safu yake lenyewe:

CREATE TABLE mauzo_geita (ushuru_huduma numeric) INHERITS (mauzo);

PostgreSQL huanza kupanga safu za mzazi, kisha za mtoto. Kwa hiyo ushuru_huduma ikawa ya sita. Ada ya ukaguzi ilipokuja, iliongezwa kwa mzazi, na mfumo ukaipeleka kwa mtoto pia, jambo ambalo ni faida kubwa ya majedwali yanayorithi. Kwa mzazi ada_ukaguzi ikawa ya sita. Kwa mauzo_geita, ambako nafasi ya sita ilikwisha kuchukuliwa, ikawa ya saba.

Baadaye likaundwa jedwali la pili linalorithi, mauzo_kahama, kwa amri ileile iliyolizaa mauzo_geita, neno kwa neno isipokuwa jina. Lakini mzazi sasa alikuwa na safu sita. Kwa mauzo_kahama, ada_ukaguzi ni ya sita na ushuru_huduma ni ya saba. Majedwali haya mawili yana safu zilezile, za aina zilezile, kutoka kwa mzazi yuleyule, na mfuatano wake haufanani. Hakuna aliyekosea. Tofauti yake ni ya umri tu, kama ndugu wawili waliozaliwa mmoja kabla ya nyumba kuhamishwa na mwingine baada.

Sasa lije faili moja la mauzo, lililoandaliwa kwa mfuatano wa Kahama, liingizwe katika majedwali yote mawili bila kutaja majina ya safu. Kahama hakuna tatizo. Geita, kwa dhahabu ya shilingi 10,000,000, ada ya shilingi 100,000 inaandikwa kuwa ushuru wa huduma, na ushuru wa shilingi 30,000 unaandikwa kuwa ada. Jumla ya makato ni ileile, kwa hiyo hesabu ya mwisho wa siku inakubali. Lakini mchimbaji aliyelipa kila kitu anaonekana anadaiwa shilingi 70,000 ya ada, na halmashauri inaonekana imepokea zaidi ya mara tatu ya haki yake. Akiulizwa, ana risiti. Kama amepoteza risiti, ana neno lake dhidi ya jedwali. Kwa mtu ambaye mapato yake tayari yamegawanywa na mwenye duara, mfadhili, na wenzake walioshuka naye shimoni, shilingi 70,000 si kosa la kiuandishi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mzazi mwenyewe hadanganyiki. Anayeuliza mauzo apewe safu zote hupata mfuatano wa mzazi, na data za watoto wote wawili zinapangwa humo kwa majina yake, si kwa nafasi zake. Mfumo wa ndani unajua kwamba ada_ukaguzi ya Geita ni ya saba na ya Kahama ni ya sita, na huziunganisha sawasawa. Waliokwenda kwa nafasi ni watu na mafaili yao.

Nafasi na jina katika sarufi

Tofauti hii ya nafasi na jina si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Anaitumia kila anapofungua kinywa. Kitenzi chetu ni safu mlalo inayosomwa kwa nafasi. Niliwaona na waliniona zina viambishi vilevile, ni, li, wa, pamoja na mzizi uleule. Kilichobadilika ni nani yuko nafasi ya kwanza na nani yuko kabla ya mzizi, na hicho pekee ndicho kinachoamua aliyeona na aliyeonwa. Hakuna alama nyingine. Mgeni anayejifunza lugha akibadilisha nafasi hizo hapati sentensi mbovu. Anapata sentensi nzuri yenye maana ya kinyume, na msikilizaji hana njia ya kujua.

Nje ya kitenzi mambo ni tofauti. Wachimbaji wameyapima mawe. Mawe, wachimbaji wameyapima. Wameyapima mawe, wachimbaji. Mkazo unahama, maana ya msingi haihami, kwa sababu wa- na ya- hutaja kila nomino kwa ngeli yake popote ilipokaa. Upatanisho wa ngeli hufanya kazi ya jina la safu. Amri ya kuingiza data isiyotaja majina ni kitenzi. Inayotaja majina ni sentensi.

Namna ya kuandika amri na maelekezo

Kutokana na hayo, katika maelekezo ya kazi yanayoandikwa kwa Kiswahili, vifungu kama "ingiza kwenye safu ya sita" viepukwe hata pale vilipo sahihi leo. Kiandikwe "ingiza kwenye safu ya ada ya ukaguzi". Katika amri yenyewe, majina yatajwe yote:

INSERT INTO mauzo_geita (namba_leseni, tarehe, uzito, thamani, mrabaha, ada_ukaguzi, ushuru_huduma) VALUES ...

Hapo mfuatano wa jedwali haujalishi tena. Kinachojalisha ni kwamba orodha ya majina na orodha ya thamani zilingane. Hali kadhalika kwa kuchota data: kinyota, yaani ombi la kupewa safu zote, kinafaa kwa mtu anayechungulia jedwali, hakifai ndani ya programu itakayoendelea kutumika baada ya mwandishi wake kuhamishwa.

Wengi huamini kwamba faili lenye mstari wa vichwa juu yake liko salama. Imani hiyo ina kasoro. Amri ya COPY ya PostgreSQL ikiambiwa kwamba faili lina vichwa, kwa kawaida huruka mstari huo bila kuusoma, kisha humimina yaliyobaki kwa kufuata nafasi za jedwali. Tangu toleo la 15, la mwaka 2022, inawezekana kuiagiza ilinganishe vichwa na majina ya safu na kukataa faili visipolingana, lakini lazima iagizwe. Kwa anayetumia toleo la zamani, dawa ni ileile ya kutaja majina katika amri.

Kufuta safu nako kuna siri yake. Safu za kodi zilizoondolewa mwaka 2019 zikifutwa katika jedwali, PostgreSQL haizipi safu nyingine namba zake za ndani; huziacha kama viti vitupu vilivyowekewa alama. Lakini anayesoma matokeo kwa kuhesabu kutoka kushoto haoni viti hivyo. Kwake, iliyokuwa safu ya nane imekuwa ya sita. Laiti aliita kwa jina, asingejua hata kwamba kuna kitu kilichoondoka.

Ipo hali ambapo mfuatano una haki ya kudaiwa: fomu ya kuchapishwa, taarifa ya kupelekwa mkoani, orodha ya kubandikwa ukutani. Hapo hakuna haja ya kulibomoa jedwali. Hutungwa jedwali la kutazama, lisilohifadhi data yake lenyewe bali linaloonyesha data ya jedwali halisi kwa mfuatano unaotakiwa: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Kuunda jedwali jipya lenye mfuatano mzuri, kunakili data yote, kufuta la zamani na kulipa jipya jina lake kunawezekana pia, na huonekana kazi safi. Katika majedwali yanayorithi si kazi ndogo, maana uhusiano wa mzazi na watoto, vizuizi na ruhusa lazima virejeshwe kimoja kimoja. Kwa sababu ya urembo pekee, haifai.

Kuna tukio moja ambapo mfuatano hubadilika bila mtu kuomba. Kanzidata ikitolewa yote na kurejeshwa katika mashine mpya, majedwali hujengwa upya, na kwa jedwali linalorithi safu za mzazi hutangulia tena. Mauzo_geita, ambayo kwa miaka ilikuwa na ushuru kabla ya ada, huamka upande wa pili ikiwa na ada kabla ya ushuru. Zana ya kutolea data ya PostgreSQL inalijua jambo hili na kwa kawaida hutaja majina ya safu. Lakini ina hiari ya kutoa data kama amri za kuingiza zisizo na majina, na nyaraka zake zenyewe hutahadharisha kwamba urejeshaji wa namna hiyo unaweza kushindikana pale mfuatano wa safu ulipobadilika. Programu ya zamani iliyozoea kuhesabu nafasi itaanza kukosea siku ya kuhama mashine, na lawama itaiangukia mashine.

Maneno yanayoambatana

Kubadili, kubadilisha na kurekebisha. Kwa amri ya ALTER TABLE, tafsiri inayofaa ni kurekebisha muundo wa jedwali. Kubadilisha jedwali huweza kueleweka kuwa kuondoa moja na kuweka jingine mahali pake, kama kubadilisha fedha. Kubadili ni sahihi lakini ni pana mno. Mtu aliyeongeza rekodi moja naye amebadili jedwali.

Majina ya safu. Yaandikwe kwa herufi ndogo, maneno yakiunganishwa kwa mstari wa chini: namba_leseni, ada_ukaguzi. Kiunganishi cha -a kinaweza kuachwa, kama ilivyofanyika hapa, au kubakizwa (ada_ya_ukaguzi), mradi ofisi ichague njia moja. Namba na nambari zote ni sanifu. Zikichanganywa katika kanzidata moja, anayeita safu kwa jina atalazimika kukisia, na faida yote ya kuita kwa jina itapotea. Tarehe peke yake ni jina dhaifu: tarehe ya kutolewa leseni na tarehe ya kuisha kwake zote ni tarehe, na zikibadilishana nafasi hakuna aina ya data itakayolalamika. Tarehe_kutolewa na tarehe_kuisha ni bora.

Nyang'hwale. Jina la wilaya hii ya Geita huwasumbua wengi kwa sababu ya alama ya king'ong'o, ambayo kwa kompyuta hufanana na alama ya kufunga maandishi. Katika amri huandikwa kwa kurudia alama hiyo, 'Nyang''hwale', nayo huhifadhiwa moja tu. Suluhisho la kuandika Nyanghwale, linaloonekana katika orodha nyingi, halipendekezwi: anayetafuta kwa tahajia sahihi hatazipata rekodi hizo, na wachimbaji wa wilaya hiyo watahesabiwa mara mbili au wasihesabiwe kabisa.

Daftari na kaunta buku. Kwenye mialo na maduara, rekodi za mifuko ya mawe na za mgao bado huandikwa kwa kalamu katika kaunta buku, safu zikichorwa kwa rula. Humo safu mpya huongezwa palipobaki nafasi, mara nyingi ukingoni, na jina lake huandikwa kwa kusimama wima kwa kuwa upana hautoshi. Wanaohamisha madaftari hayo kwenda kwenye kompyuta wanashauriwa kunakili kwanza vichwa vya kila ukurasa kabla ya kunakili namba, kwa kuwa kichwa kilichoandikwa ukurasa wa kwanza si lazima kiwe ndicho kinachotawala ukurasa wa arobaini.